Mtu wa Kisimani Katika Wimbo wa Tano

Ukilala chali muda mrefu, kitu cha kwanza unachokijua vizuri ni dari. Nimeandika haya kwa ajili yako wewe unayeitazama dari yako sasa hivi, umefungwa kwenye koti gumu kama lile langu, na miguu yako iko kule chini kama mali ya jirani. Sitakuambia uvumilie. Mimi niliambiwa hivyo na watu wengi waliokuwa wamekaa kwenye viti, na kila mara nilitamani kuwarushia kikombe. Nitakusimulia tu yaliyonipata mimi, Ubah, muuza maziwa ya ngamia wa Garissa, na jinsi nilivyoshikiliwa na vidonge upande mmoja na upande wa pili na muziki ambao shangazi yangu aliuita wa majini.

Ugonjwa ulinianza wakati wa jilaal, kile kiangazi kirefu ambacho hata mbuzi hufikiri kwanza kabla ya kupiga hatua. Hooyo, yaani mama yangu, na mimi tulikuwa tukipokea madumu ya maziwa alfajiri na kuyapeleka sokoni, kwa hiyo mgongo ulipoanza kuuma kila mtu alijua sababu. Madumu. Nikakandwa mafuta, nikafungwa kitambaa. Kisha kikajitokeza kinundu katikati ya mgongo, na Eeddo Dahabo, dada wa marehemu baba yangu, akaja kutoka Griftu na dawa anayoiamini kuliko zote. Sisi wafugaji husema ugonjwa na moto havikai nyumba moja. Ngamia akichechemea huchomwa, na mtu vilevile. Nililala kifudifudi, Hooyo akanishika mikono, na Eeddo akanichoma kwa kijiti chenye kaa la moto pale pale kwenye kinundu. Sikupiga kelele, nao wakajisifu kwa hilo kwa kila mgeni aliyeingia. Makovu ninayo mpaka leo. Ugonjwa na moto vilikaa nyumba moja bila kugombana.

Asubuhi moja sokoni nilitaka kuinuka kwenye kigoda changu, miguu ikakataa. Dumu lilipinduka, maziwa yakaenda zake. Wanawake wenzangu walidhani nimeteleza wakacheka, nami nikacheka nao, mpaka Hooyo alipoona kwamba nimeacha kucheka na bado niko chini.

Nilipelekwa hospitali kwa mkokoteni wa punda, kwa sababu tuktuk ingenikunja. Godoro chini, mimi juu yake, khanga usoni kuzuia jua, na watu njiani wakisema inna lillahi kwa kudhani ni maiti. Nilifunua khanga mara moja kumwonyesha mzee mmoja kwamba niko hai. Alishtuka kuliko ambavyo angeshtuka kuona maiti.

Sitakuchosha na habari za kitabibu. Walisema ni kifua kikuu kilichoingia kwenye uti wa mgongo. Kwa nini mgongoni na si kifuani, mwulize daktari wako. Nilichokishika ni mambo mawili: vidonge kila siku mwaka mzima, na kulala chali ndani ya koti gumu la plastiki bila kukaa wala kukunjwa mpaka waseme. Nikikunjwa kabla ya wakati, alisema daktari, huenda miguu isirudi tena. Alimwambia Hooyo mara mbili, na mara ya pili alimshika bega.

Ungojaji wa hospitali utaujua mwenyewe. Nilikuwa nikilazwa kwenye sakafu ya ukumbi kando ya mabenchi, nikitazama nyayo za watu. Nilijifunza kumtambua mgonjwa wa kweli kwa viatu. Mwenye maumivu havai ndala zake barabara, huziburuta. Siku mkojo wangu ulipogeuka mwekundu kwa sababu ya vidonge, Eeddo alimfuata muuguzi mpaka mlangoni. Kiswahili chake ni cha sokoni na huwa kinatoka pale anapokasirika tu.

"Wewe! Mtoto yangu nakojoa damu, na wewe nakunywa chai?"

"Pole mama. Si damu, ni rangi ya dawa."

"Bole, bole. Kila siku bole. Bole nabonya mtu?"

Muuguzi akacheka mpaka chai ikamwagika, kisha akaja kunipangusa uso kwa kitambaa chenye maji baridi. Alikuwa na foleni ndefu, na bado alikirudisha kitambaa kwenye maji akanipangusa tena. Hivyo ndivyo vitu ninavyovikumbuka.

Nyumbani nililazwa kitandani juu ya ubao, chini ya mabati. Mvua za Gu, ndiyo masika yetu, zilikuja zikapiga juu ya kichwa changu nami sikuziona. Mwili ulibadilika. Miguu ilikonda ngozi ikabaki inaning'inia, nywele zilikatika upande wa nyuma zilipokuwa zikisuguana na mto, na harufu yangu ilinikinaisha mwenyewe. Hooyo aliacha soko ili anigeuze, anioshe na kunisafisha. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, navishwa nepi na mama yangu. Nilimwonea aibu, halafu nikamkasirikia kwa sababu ya hiyo aibu, naye akanikasirikia kwa kumkasirikia. Tulikuwa tukikaa siku nzima bila kusemezana, na katikati ya huo ukimya ananilisha uji. Wageni walikuja kuniombea dua, wakanywa chai, wakajadili miguu yangu mbele yangu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Sasa nije kwenye muziki. Simu yangu niliinunua mitumba katika soko la Hagadera, kule kambini kwa wakimbizi, na ndani yake kulikuwa na memori kadi ambayo mwenyewe aliisahau. Sikupata kumjua. Pengine alisafirishwa ng'ambo na familia yake, pengine yuko Nairobi. Aliacha nyimbo tisa zisizo na majina, namba tu. Zamani niliwahi kuonja ule wa kwanza kidogo nikauacha, kwa sababu ulikuwa kelele. Mimi ni mtu wa nyimbo za Kisomali za kinanda na oud, na za Kihindi nikiwa na huzuni. Lakini kitandani nilimaliza kila kitu kilichokuwa ndani ya ile simu. Ndipo nikafungua Wimbo wa Kwanza tena, kwa kukosa la kufanya.

Unaanza na kinanda peke yake, kilahani kifupi ambacho hata mtoto angeweza kukipiga. Ukishakizoea, magita yanaingia, mazito, yote kwa mpigo mmoja, na kile kilahani hakifi. Kinapita katikati ya magita. Nilirudia mahali hapo mpaka simu ikazima. Kesho yake nikagundua kwamba ngoma zinachechemea. Unahesabu mpaka saba pale unapotegemea nane, mguu mmoja unakuwa mfupi, na bado wimbo unatembea. Hebu fikiria nilivyofurahi, mimi niliyekuwa nimelala pale na miguu yangu miwili ya bure. Wimbo wa Tatu una magita mawili yanayofukuzana kama ndugu, na mwisho yanaimba pamoja kitu kitamu hadi nilikuwa nikilia na machozi yananiingia masikioni, kwa sababu kwa mtu aliyelala chali huko ndiko yanakokwenda. Wimbo wa Tisa ni mrefu kuliko safari ya kwenda kwa jirani na kurudi. Mwishoni kabisa kile kilahani cha kinanda kinarejea, taratibu, kimezeeka. Mara ya kwanza kukitambua nilimwita Hooyo kwa sauti, akaja mbio akidhani nimeanguka. Nikashindwa kumweleza.

Baadaye sana nilisikia kwamba aina hii inaitwa metali, na kwamba hii yangu, yenye nyimbo ndefu zinazogeukageuka na bado zina lahani tamu, wenyewe huiita metali progresivu. Mimi nilijua tu kwamba hazikuwa na haraka, na zilikuwa zikienda mahali. Ndani ya chumba kile ni mimi peke yangu niliyekuwa siendi popote.

Na Wimbo wa Tano. Huo sikuupenda, niliuhitaji. Ngoma na gita zinazunguka duara lile lile, tena na tena, mpaka kifua kinabana unataka kupiga kelele utolewe. Kisha mwimbaji anapiga kelele hizo kwa niaba yako. Sauti inatoka chini kabisa ya tumbo, inakwaruza, haina maneno ya kushikika. Halafu mwimbaji mwingine anaimba juu yake kwa sauti safi. Muda mrefu nilidhani ni watu wawili, mmoja mwema na mmoja mwovu. Siku moja nikasikia pumzi moja inaanza kwa mkwaruzo na kuishia kwa ile sauti safi, nikajua ni mtu mmoja tu. Nilimpenda tangu siku hiyo. Kila asubuhi nilikunywa vidonge vyangu, nikangoja kichefuchefu, nikamfungulia yeye.

Wakati wa hagaa, kile kipupwe kikavu, upepo ulipokuwa ukileta vumbi mpaka ndani ya sufuria, Eeddo alikuwa akinifuta mabega na spika moja ya sikioni ikachomoka. Aliiokota akaiweka sikioni mwake. Sijui alitegemea nini, labda mawaidha. Ulikuwa Wimbo wa Tano, na mtu wangu alikuwa ndiyo kwanza anafungua koo.

Eeddo aliitupa ukutani. Alisoma Ayatul Kursi mpaka mwisho, akarudi nyuma, akanitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama hata aliponichoma.

"Tangu lini yumo humo?" aliuliza.

"Ni wimbo, Eeddo. Ni mtu anaimba."

"Mtu haimbi hivyo. Ubah, miguu yako imechukuliwa na huyu, na wewe unamfungulia mlango kila asubuhi."

Usimcheke. Alikuwa akinipenda, na sasa alikuwa amepata sababu ya ugonjwa wangu. Kabla ya magharibi alikuwa amempigia simu ami yangu Wajir, na ami alikuwa ameamua. Nitapelekwa huko kwenye nyumba ya ilaji, mahali mgonjwa anaposomewa Qurani siku baada ya siku mpaka jini atoke. Gari litakuja baada ya Ijumaa. Simu yangu ikafungiwa ndani ya sanduku la Eeddo.

Mimi ni Mwislamu, na sijawahi kuogopa Qurani. Nililiogopa gari. Kutoka Garissa hadi Wajir najua njia ilivyo, najua jinsi pikapu inavyorusha magunia, na mimi nilikuwa gunia lenye uti wa mgongo uliooza. Nilisema hivyo. Nilisema daktari alikataza. Eeddo akajibu kwamba mwenye jini kila mara hukataa kupelekwa. Kwa hiyo kila nilichosema kiligeuka ushahidi. Nikisema sitaki, ni yeye anasema. Nikinyamaza, amejificha. Hapo ndipo nilipojua kufungwa ni nini hasa, kwa maana hata mdomo wangu haukuwa wangu tena.

Nilimtazama Hooyo. Yeye ndiye angeweza kukataa, na hakukataa. Alikuwa mjane anayemjibu dada wa mumewe na shemeji yake, na alikuwa amechoka. Siku zile bila muziki zilikuwa mbaya kuliko zote. Ngoma za saba zilikuwa zikizunguka kichwani zenyewe, lakini bila yule mtu wa kunipigia kelele.

Alhamisi baada ya swala ya alasiri, Eeddo akiwa kwa jirani, Hooyo aliingia na simu. Alikuwa ameitoa sandukuni. Alilala kwenye ubao kando yangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu niugue, na uso wake ukawa karibu na wangu.

"Nionyeshe huyo mtu," alisema. "Kama nitakunyima, nijue ninakunyima nini. Na kama ni jini, nilione mwenyewe."

Sikio moja lake, moja langu. Nikamfungulia Wimbo wa Tano. Duara likaanza, nikahisi bega lake linakaza. Sauti ilipotoka kule chini, alinishika mkono akaubana, lakini hakuivua spika. Wimbo ulipokwisha aliisukuma spika ndani zaidi ya sikio.

"Rudisha," alisema. Nikarudisha. Alisikiliza akiwa amefumba macho, na mara hii midomo yake ilikuwa ikichezacheza.

"Huyu yuko kisimani," akasema.

Hooyo alizaliwa upande wa Kutulo, kwenye visima virefu ambavyo watu husimama ndani yake kwa ngazi, mmoja juu ya mwingine, wakirushiana ndoo mpaka maji yafike kwenye hori la ngamia. Nilijua hayo kama unavyojua habari za utoto wa mama yako, nusu ukisikiliza. Hakuwahi kuniambia habari ya sauti.

"Baba yangu ndiye aliyekuwa akishuka chini kabisa," alisema. "Kule hakuna hewa, na maji ni mazito. Alikuwa akiimba ili ndoo zisisimame na ngamia wajue ni zamu yao. Juu ilitufikia hivi hivi, imekwaruzwa na mawe. Tulipokuwa wadogo tuliiogopa. Kisha yule wa katikati anaipokea, anaiimba vizuri kidogo, anaipitisha kwa wa juu. Na sisi wasichana kwenye hori lazima tuitikie."

"Kwa nini lazima?"

"Sauti ikitoka kisimani, hooyo, haiachwi bila jibu. Aliye chini haoni kitu. Asipojibiwa anajua hakuna anayeshika ndoo."

Kwetu mama humwita mwanawe hooyo, jina lake mwenyewe. Hakuwa ameniita hivyo kwa miezi mingi, na nililia, naye akanifuta masikio.

Gari lilipokuja, Hooyo alisimama mlangoni. Sikumwona, dari yangu haikufika huko, lakini nilimsikia.

"Dumaashi," alimwambia Eeddo, kama wifi anavyoitwa, "mwanangu haendi. Sheikh akitaka kusoma, mlango uko wazi, aje asome hapa. Atakayemkunja mgongo atanikunja mimi kwanza."

"Na huyo aliyemo kwenye simu?"

"Huyo ni mtu wa kisimani. Umelelewa na ngamia, ungemjua."

"Kisima gani kinatumia chaji?" Eeddo aliuliza, na dereva akacheka, na sidhani kama kuna mtu aliyemsamehe.

Gari liliondoka tupu. Ami yangu hakumpigia Hooyo simu kwa muda mrefu, na hilo lilimuuma, wala sitakuficha. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini bei yake huijua pia. Sheikh alikuja, mtu mpole mwenye kikohozi, akanisomea, nami nikapata usingizi mzuri. Jini halikutoka. Eeddo alisema ni kwa sababu halikufukuzwa ipasavyo, akabaki nyumbani kwetu akinikandia miguu kwa mafuta ya simsim huku amenuna.

Mvua za deyr, yaani za vuli, zilipoanza, Hooyo alikuwa akinikata kucha za miguu nikamwambia ananikuna. Aliendelea kukata. Kisha akasimamisha wembe hewani, kwa maana miguu ile ilikuwa haijahisi kitu kwa miezi.

Kutoka hapo kulikuwa na mambo mengi ya polepole, na baadhi yake utayapitia. Kukaa kwanza, dunia ikazunguka, nikatapika. Koti likabadilishwa. Hospitali wakasema sasa asimame, kila siku kidogo. Nikasimama mara moja nikaanguka, na baada ya hapo nikakataa. Hakuna aliyeniambia kwamba nitauogopa mlango ukishafunguliwa. Nilikuwa nimezoea ubao. Nilimwambia Hooyo aniache, kesho, kesho kutwa, na kila siku miguu ikazidi kuwa myembamba. Daktari alisema msimu huu usipite kabla sijasimama.

Asubuhi moja Hooyo aliniketisha ukingoni mwa kitanda, akaingiza mikono chini ya makwapa yangu. Yeye si mwimbaji, huona haya hata kwenye harusi. Lakini alianza ule wimbo wa kunyweshea ngamia, kwa sauti nzito ya kukwaruza aliyomsikia nayo baba yake, mstari mmoja, kisha akanyamaza pale ambapo jibu linapaswa kuja. Mimi sikulijua jibu. Akaimba tena mstari ule ule, akanyamaza tena, na ule ukimya ulikuwa unaumiza.

Eeddo alikuwa mlangoni akichambua mchele. Alikuwa bado amenuna, na hakuinua kichwa. Aliitikia tu. Nadhani hata hakuamua. Sauti yake ilitoka safi, nyembamba, ya msichana wa kwenye hori, na Hooyo akavuta, na Eeddo akaitikia, na Hooyo akavuta. Sinia la mchele likaanguka. Nilipotazama tena, dari ilikuwa karibu na uso wangu na nyayo zangu zilikuwa zimekanyaga sakafu ya baridi, na Eeddo alikuwa amenishika mgongo kutoka nyuma, pale pale kwenye makovu aliyonichoma.

Nimemaliza vidonge. Natembea na fimbo, mguu mmoja unachelewa kidogo, saba badala ya nane. Nimerudi sokoni, lakini madumu hubebwa na wengine. Mchana nikichoka nalala chali kwa hiari yangu na kuzisikiliza zote tisa kwa mpangilio wake, kwa maana nyimbo zile hazikatwi katikati.

Juzi Eeddo alinikuta hivyo. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akatazama simu bila kuigusa.

"Yule wa kisimani bado anaimba?"

"Bado, Eeddo."

"Na huko aliko, nani humwitikia?"

"Mimi," nikasema.

Eeddo alitikisa kichwa, akainuka, akachukua birika la maji ya udhu.

"Basi usimwache," alisema. "Lakini mwitikie polepole, watu wanataka kuswali."